Baina ya Kisa na Dua: Aliyerudi Vitani na Fasihi ya Vita vya Rufiji

Mwenye kuzizoea tenzi za vita za Kiswahili huujua mwendo wake. Mtunzi huanza kwa jina la Mungu, akamsalia Mtume, akaomba wino na karatasi, kisha akaingia katika kisa. Wakuu hutajwa kwa majina, majeshi hupangwa, bunduki hulia, miji hushikwa. Vita vikishamalizika, mtunzi huleta dua: huomba maghufira, hutaja jina lake na mji wake, na mara nyingine huacha hesabu ya beti na tarehe. Mwendo huu umelelewa kwa karne nyingi na una uzuri wake. Lakini baina ya kisa na dua pana nafasi ambayo aghalabu haijazwi. Ni nafasi ya yule aliyenusurika: aliyerejea kwao akiwa na viungo vyake vyote, akakaa barazani na wenziwe, na usiku akapiga kelele usingizini. Utenzi umekwisha, vita vyake yeye havijesha.

Nafasi hiyo yastahili kuchunguzwa, na hapana mahali pafaapo kuanzia kuliko Rufiji. Katika miaka isiyozidi 14, kuanzia 1905 hadi 1918, nchi ile, kutoka vilima vya Matumbi hadi mikoko ya delta iliyo leo katika wilaya ya Kibiti, ilipitiwa na vita viwili vikubwa. Na vita hivyo viwili vimezaa maandishi ambayo msomaji wa pwani hawezi kuyakwepa: utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini, tamthilia ya Ebrahim Hussein, na, karne moja baadaye, riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Kazi hizi zimekwisha kusomwa sana kwa jicho la siasa na la historia. Swali linaloulizwa hapa ni jingine: je, zina neno gani kwa mpiganaji aliyebaki hai na moyo wake umejeruhiwa? Zinampa imani gani, na tumaini gani?

Yafaa kwanza kukumbuka imani yenyewe ilivyokuwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji pamoja na ahadi kuwa risasi za Wadachi zitageuka maji. Watu walitoka mbali kumwendea. Mwezi wa Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete na vita vikazuka; tarehe 4 Agosti mwaka ule ule Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Vita viliendelea bila yeye hadi 1907, na njaa iliyofuata ikaua zaidi ya bunduki. Serikali ya Kijerumani ilitaja watu 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria 250,000 na hata 300,000.

Zingatia tarehe hizo. Aliyeyatoa maji alikufa siku chache tu baada ya vita kuanza. Mpiganaji aliyeyaamini, akasonga mbele, akamwona nduguye akianguka kwa risasi isiyogeuka maji, hakuwa na wa kumrudia na kumwuliza. Jeraha lake likawa mara mbili. Macho yake yameona yasiyosahaulika, na imani iliyompeleka kuyaona imevunjika mikononi mwake. Askari aliyeshindwa kwa uchache wa silaha huweza kujiambia kuwa wenzake walizidiwa nguvu. Aliyeshindwa baada ya kuahidiwa kinga hubaki akijiuliza kama miiko aliivunja yeye, kama aliyeahidi alidanganya, au kama Mungu alikuwa upande mwingine. Kila jibu katika hayo matatu ni chungu.

Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mwanachuoni wa Lindi, ni ushahidi wa karibu kuliko wowote katika ushairi. Ulichapishwa na Lorenz 1933, kisha Whiteley akaufasiri kwa Kiingereza 1957. Thamani yake ni kubwa: una majina, njia za majeshi na hofu ya miji ya pwani. Lakini mtunzi anatazama vita kutoka mjini. Kwake yeye maji ni jambo la watu wa bara, jambo la kustaajabiwa na kulaumiwa. Akiwa muumini mwenye kitabu, anayapima maji kwa mizani ya dini yake na kuyaona mepesi. Huenda hukumu hiyo ni sawa kwa mizani ile. Hata hivyo, yule aliyekunywa maji hana pa kukaa ndani ya utenzi. Anapita kama adui, au kama mjinga, kisha anatoweka. Dua ya mwisho haimtaji.

Na si Abdul Karim peke yake. Shaaban Robert, katika Utenzi wa Vita vya Uhuru uliotoka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake, alivisimulia vita vya 1939 hadi 1945 kwa pumzi ndefu ambayo hakuna mtunzi mwingine wa zama zake aliyeweza kuishika. Henry Muhanika naye, 1981, aliwatungia Watanzania utenzi wa vita vya Kagera na anguko la Idi Amin Dada. Watunzi wote hao walikuwa na kazi ya kutangaza haki ya vita na kuhifadhi kisa, na kazi hiyo waliifanya. Mwendo wa utenzi ndio uliowafunga. Utenzi hupenda mwisho ulio wazi, naye aliyerudi na kiwewe hana mwisho ulio wazi. Vita vyake huja na kwenda, kama maji kupwa na kujaa.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, ndiye aliyeigusa nafasi hiyo kwanza, pengine bila kukusudia. Kinjeketile, iliyotoka 1969, imesomeshwa mashuleni kwa miaka mingi kama tamthilia ya umoja: makabila yaliyogawanyika yapate jambo moja la kuyaunganisha. Usomaji huo si wa makosa, lakini umelifunika jambo moja kubwa. Mwandishi ameibadilisha historia. Kinjikitile wa Mohoro alikufa vita vikiwa vichanga. Kinjeketile wa jukwaani anaachwa aishi, avione vita, auone ushindwa, na akae kifungoni na Kitunda, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji. Kwa maneno mengine, Hussein amempa mtoa maji kile ambacho historia ilimnyima, yaani kuishi miongoni mwa walioumizwa na neno lake.

Hapo tamthilia inakuwa nzito. Kinjeketile wa Hussein ni mtu aliyeingiwa na shaka tangu mapema. Alipozinduka na kuambiwa aliyoyasema alipokuwa amepandwa na Hongo, kwamba wakishawashinda Wadachi watakuwa watoto wa Seyyid Said, aliingiwa na hofu kuwa neno hilo si lake, na pengine si la Hongo pia. Msomaji wa visiwani ana sababu ya kutua hapo, kwani mwiba huo unamhusu: hata ukombozi unaweza kuja na bwana mwingine ndani yake. Kinjeketile akajaribu kulizuia neno, na neno likamshinda. Watu walikuwa wakilihitaji mno. Mateso yao katika shamba la pamba la Bwana Kinoo yalikuwa makubwa kiasi kwamba yeyote ambaye angewaambia wangoje angeonekana msaliti.

Kisha inakuja kauli ya mwisho. Wadachi wanamtaka Kinjeketile akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa. Hoja yake ni kuwa akikiri, kesho watoto wataambiwa kwamba kupigania haki ni upuuzi. Neno limekwisha kuzaliwa, nalo litaendelea bila yeye. Wahakiki wameisifu kauli hii, na inastahili sifa. Taifa lililokuwa na umri wa miaka minane tu lilikuwa na haja ya kuisikia.

Lakini isikilizwe sasa kwa masikio ya Kitunda. Yeye ndiye aliyewaongoza watu shambani mwa risasi. Yeye ndiye atakayeulizwa na wajane, kama ataishi. Jibu la Kinjeketile limewalenga wajukuu. Limepita juu ya kichwa cha Kitunda likaenda kwa wasiozaliwa. Linamwambia mpiganaji kuwa maumivu yake yatakuwa na maana kwa wengine, baadaye. Haliwezi kumwambia afanye nini leo usiku. Hii ndiyo dosari ya tumaini lote la kitaifa linapopelekwa kwa mtu aliyejeruhiwa: ni tumaini la kweli, ila si lake. Ukubwa wa Hussein ni kwamba amemweka Kitunda pale, ndani ya chumba kile kile, ili mtazamaji aweze kuiona dosari hiyo kwa macho yake. Upungufu wa usomaji wa miaka hii yote ni kumsahau.

Kitunda wa kweli walikuwa wengi, na historia ina habari kidogo za walivyojitibu. Baada ya Maji Maji, watu wengi wa kusini mashariki waliingia katika Uislamu, na wengine katika Ukristo. Mwaka 1908 waraka uliodaiwa kutoka Makka ulisambaa kutoka Lindi, ukiwaonya watu kuwa mwisho wa dunia umekaribia na kuwataka watubu. Wadachi waliuona kama uchochezi. Lakini msomaji wa fasihi anaweza kuuona kwa namna nyingine. Ulifika katika nchi iliyojaa makaburi na watu waliokuwa hai bila kujua kwa nini wao. Toba ni mlango ambao aliyenusurika huweza kuupita bila kuhojiwa juu ya maji. Hatakiwi kueleza kwa nini aliamini. Anatakiwa kurudi tu. Yamkini hiyo ni sehemu ya siri ya kuenea kwa dini baada ya vita: ilitoa imani isiyoahidi kuwa risasi haitaingia. Iliahidi kuwa aliyeingiwa na risasi, na aliyemwona mwenziwe akiingiwa, wote wawili wana Mola.

Tofauti hiyo ya imani mbili ndiyo ufunguo wa fasihi hii. Imani ya kabla ya vita ni kinga: hupimwa siku moja, na ikishindwa huvunjika. Imani ya baada ya vita ni subira: haipimwi kwa siku moja, wala haidai kushinda. Mwenye kutaka kumpa tumaini askari aliyejeruhiwa nafsi kwa kumrudishia imani ya kwanza, kwa nyimbo za ushujaa na nishani, humpa dawa iliyomdhuru.

Vita vya pili viliifika delta yenyewe. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika mito ya Rufiji mwaka 1914, ikazamishwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake ilitolewa majini na kukokotwa kwa mikono ya watu hadi Dar es Salaam. Mwanzoni mwa 1917 majeshi yalipiganiana kuvuka mto, na mvua zikaja, na mafuriko, na homa, na njaa. Askari na wapagazi walichukuliwa na pande zote mbili. Wapagazi waliokufa katika vita ile huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuandikwa popote. Mwaka 1927 ilisimamishwa Dar es Salaam sanamu ya askari, na maandishi yake yanaahidi kuwa anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Juu ya sanamu hiyo hakuna jina hata moja.

Karne moja ilipita kabla ya riwaya kubwa kumfuata askari huyo hadi nyumbani. Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyetunukiwa Nobeli mwaka 2021, ilitoka 2020. Hamza, kijana aliyejiunga na jeshi la Wadachi kwa hiari, anarudi katika mji wa pwani akiwa na kovu la jambia la bwana mmoja wa Kijerumani kwenye nyonga. Hasemi aliyoyaona. Anaomba kazi. Anapewa pa kulala na Khalifa, mzee mwenye ulimi mkali na moyo laini, ambaye baraza lake ndilo hospitali pekee ya askari yule. Watu wa barazani wanazungumza habari za mji, wanataniana, wanabishana. Hamza anasikiliza. Gurnah hamponyi kwa tukio moja. Anamwacha akae miongoni mwa watu mpaka kukaa kwenyewe kukawa dawa.

Mahali pawili katika riwaya hiyo pana thamani kubwa kwa mpenzi wa ushairi. La kwanza ni pale Hamza, aliyefundishwa Kijerumani na afisa wake kwa mashairi ya Schiller, anapoufasiri ubeti kwa Kiswahili na kumpa Afiya, mwanamke anayempenda. Lugha ya aliyemmiliki inageuzwa kuwa barua ya mapenzi. Aliyeshughulika na kazi ya kufasiri anajua uzito wa jambo hili. Hamza hasahau jeshini alipopita. Analichukua neno kutoka pale pale na kulipeleka kwingine. Huo ni uponyaji ambao hauhitaji kukana yaliyopita.

La pili ni zito zaidi. Mtoto wa Hamza na Afiya amepewa jina la mjomba wake, Ilyas, aliyekwenda vitani kuwapigania Wadachi na asirudi. Mtoto anaanza kuandamwa na sauti inayomwulizia Ilyas. Anaitwa shekhiya, panafukizwa ubani, na pepo anatakiwa aseme shida yake. Anachotaka si mbuzi wala nguo. Anataka kujua Ilyas yuko wapi. Msomaji wa haraka atapita hapo akidhani ni desturi za wenyeji zilizotiwa kupamba kisa. Kwa hakika hapo ndipo moyo wa riwaya. Kiwewe cha vita kimemruka baba kikamshika mwana, na dai lake ni moja tu: khabari. Jawabu linapatikana miaka mingi baadaye, katika karatasi za Ujerumani: mjomba alifia katika kambi ya Sachsenhausen. Nyuma ya kisa hicho pana mtu wa kweli, Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeingia jeshini akiwa mtoto, akadai Berlin malipo yake na ya baba yake, akanyimwa nishani, na akafa Sachsenhausen mwaka 1944.

Hivyo ganga na makumbusho ya nyaraka vinafanya kazi moja katika riwaya hii. Shekhiya analipa jeraha nafasi ya kuuliza, karatasi inalijibu. Na imani ya jamaa ile ndiyo iliyolibeba swali kwa miaka yote baina ya siku hizo mbili bila kulitupa. Tumaini la aliyejeruhiwa, kwa mujibu wa Gurnah, ni kwamba kuna mtu atakayeuliza na hatachoka.

Jambo hili linarudisha hoja kwa utenzi, kwani khabari ndiyo kazi yake ya asili. Mtunzi wa zamani aliomba wino na karatasi ili atoe khabari. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda vijijini kuwauliza wazee juu ya Maji Maji, wazee walisema, zaidi ya miaka 60 baada ya vita. Neno lilikuwapo likingoja mwulizaji. Ushairi ungeweza kuuliza kabla yao.

Afterlives ina upungufu wake. Sehemu za mwisho zinakwenda kwa kasi mno, na khabari za Ilyas zinatolewa kama ripoti baada ya kungojewa kwa kurasa nyingi. Na, zaidi ya hayo, imeandikwa kwa Kiingereza. Si kosa la mwandishi, aliyechagua lugha yake ya kazi zamani. Ni deni la waandishi wa Kiswahili. Maana lugha hii inayo maneno ya maradhi haya: kiwewe, jinamizi, kupandwa na pepo, kurukwa na akili, kuchanganyikiwa. Inayo pia maneno ya tiba yake: dua, kisomo, dhikiri, tambiko, baraza, subira. Kilichokosekana ni mtunzi wa kuyakutanisha kwa vina na mizani, tena bila haraka ya kufika mwisho.

Haja hiyo haijapita. Baina ya 2015 na 2017, Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilitiwa hofu na mauaji ya viongozi wa vijiji na ya polisi. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa Kibiti kwa siku moja. Habari ziliandikwa magazetini, kisha zikanyamaza. Wajane wapo, na askari waliozika wenzao wapo, na wanavijiji waliolala porini wakihofia nyumba zao wapo. Misikiti na makanisa ya huko yamebeba mzigo ambao hakuna aliyeupima.

Asiwepo wa kuwatungia hao nyimbo za ushujaa, hawakuziomba. Wala wasitungiwe maombolezo tu, kama kwamba wamekwisha kufa. Mwendo wa utenzi una mahali pao tayari. Kisa kikishamalizika, kabla mtunzi hajainua mikono kuomba dua, aongeze beti chache amwulize aliyerudi: uliona nini, na nani hakurudi nawe? Kisha anyamaze mpaka ajibiwe. Dua itakayofuata hapo itakuwa na mtu wa kuombewa.